Meno ya Viatu vya Nguzo

Naweka dau mashine yangu ya kufulia, ile kubwa yenye kioo mbele, kwamba mkimaliza kusikia haya hakuna hata mmoja wenu atakayeamini. Mke wangu hajaamini mpaka leo, na yule ni mtu wa kuamini mambo mengi. Aliniamini hata mimi nilipomwambia kabla ya ndoa kwamba najua kupika.

Mimi naitwa Dobi. Jina la kweli liko kwenye cheti cha kuzaliwa, huko huko limelala, msiliamshe. Kazi yangu ni kutunza vifaa vya timu ya mpira: jezi, soksi, vizibao vya mazoezi, mipira, na zaidi ya vyote viatu. Miaka kumi na sita sasa. Shule tuliachana darasa la sita, tukaachana kwa amani, hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Kabla ya hapa nilikuwa kiwanda cha sabuni. Nilipewa muhuri, nikaambiwa mche wa sabuni ukipita, gonga. Basi. Mche, gonga, mche, gonga, saa nane nzima bila kuongea. Mimi! Nikawa napiga stori na jirani, miche inapita uchi. Wiki ya tatu msimamizi akaniita akaniambia, "Wewe hufai kazi yoyote duniani." Duniani! Mtu hata mtaa wa pili hajafika, anaisemea dunia nzima. Leo katika ligi yetu hakuna timu yenye jezi nyeupe kama zangu. Ukizianika juani, ndege wanakwepa. Na kazi hii inataka mdomo, maana timu ikifungwa, watu wamekaa vichwa chini kama wamefiwa, nani atawachekesha? Mwenyekiti? Kwa hiyo mtu akija kuniambia fulani hafai, mimi namuuliza swali moja tu: hafai wapi?

Sasa nije kwa Nguzo.

Nguzo ni mrefu mpaka akiingia chumbani kwangu anainama mara mbili, mara ya kwanza mlangoni, mara ya pili kwenye kamba ya soksi. Alichukuliwa na timu kubwa, ile ya ng'ambo ya reli, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Kocha wao akaona urefu, akampanga mbele katikati, mgongo kwa goli, asubiri mipira ya juu. Misimu miwili, magoli mawili, na moja kati ya hayo mpira ulimgonga mgongoni akiwa ameinama anafunga kamba. Mashabiki wao ndio waliompa jina. Mpira ukimfikia unagonga na kurudi ulikotoka, kama umegonga nguzo. Mwisho wakachoka, wakatuazima sisi mzunguko wa pili.

Na kocha wetu, mtu mwenye akili zake timamu, akafanyaje? Akampanga mbele katikati. Mgongo kwa goli. Mechi saba, sifuri.

Jumatatu moja kocha akamsimamisha mbele ya wote. "Jumamosi ni mechi yako ya mwisho. Usipofanya kitu, Jumapili unarudi ulikotoka."

Ulikotoka wapi? Timu kubwa walishampa mtu mwingine kabati lake na jezi yake, na walishasema hawataki kumwona. Kurudi kwake maana yake kurudi nyumbani kwao, kuvua viatu na kutafuta kazi nyingine. Yeye alijua, na sisi wote tulijua. Alikaa kwenye benchi, magoti yamefika karibu na masikio, anaangalia sakafu.

Mazoezi yalipoisha akaniletea mfuko una jozi mbili. "Mjomba, nibandikie hivi." Hivyo vilikuwa vya kuchezea, alivyoanza navyo timu kubwa. Halafu akatoa vingine, vyeusi vilivyopauka, vimeshonwa kwa mkono mara mbili, soli imefunguka mdomo. "Na hivi pia ukipata nafasi. Ni vya zamani, ni vya—"

"Vya zamani naona, sina macho? Weka hapo, nenda kaoge."

Sasa hapa mnisikilize, maana hii ni elimu na mimi siitoi ovyo. Kiatu cha mpira kina meno chini, na yale meno yanalika. Mtu anayekimbia kwenda mbele anakula meno ya mbele. Mtu anayesimama na kusukumana na mabeki kwa mgongo anakula ya kisigino. Mimi nikigeuza kiatu nakwambia mwenyewe anachezaje, anachoka dakika ya ngapi, na kama jana alidanganya kwamba alifanya mazoezi. Wachezaji wananiita daktari wa meno.

Nikageuza vile vya kuchezea. Kisiginoni hakuna kitu, kumeisha kabisa. Mbele meno mazima, mapya, kama hayajaguswa. Misimu miwili huyu mtu alikuwa anarudi kinyumenyume! Nikageuza vile vyeusi. Mbele yote yameisha, na kiatu cha kushoto kimelika upande wa ndani. Huyo ni mtu anayekimbia pembeni kushoto, kasi yote, halafu anakanyaga na kukata kuingia ndani. Winga. Niliona kama naangalia televisheni.

Vilikuwa vidogo kidogo, hilo niliona. Namba ya ndani ilikuwa imefutika, nikajua ngozi imenyweshwa mvua ikajikunja. Na mimi kwanza sihitaji namba. Mguu wa mtu naujua akiwa bado getini.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa kocha. Ofisi yenyewe ni meza, ubao, na kiti kinachoyumba alichokiwekea kifuniko cha chupa chini ya mguu mmoja.

"Kocha, Nguzo ni winga."

"Nani kasema?"

"Viatu vyake."

Akaniangalia kama nimeingia na mbuzi. "Viatu vimesema."

"Vimesema, kocha. Angalia hapa mbele, halafu angalia—"

"Dobi. Mimi nina vyeti vitatu vya ukocha. Wewe una nini?"

"Nina viatu vinne."

"Kazi yako ni sabuni."

"Sabuni walinifukuza, kocha."

Hakucheka. Nahodha alikuwa amesimama mlangoni, akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mtu mwenye urefu ule anakaa katikati," kocha akasema. "Toka na viatu vyako, vinanuka."

Jamani. Niambie sina vyeti, nitakubali. Niambie sijui kusoma gazeti bila kusogeza midomo, ni kweli. Lakini viatu vilivyopita mikononi mwangu havinuki. Hapo ndipo aliponikosea adabu, na hapo ndipo nilipoamua.

Jumatano mchana Nguzo akaja nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, kwenye kamba zangu, akaanza kunisaidia kukamua soksi bila kuambiwa. Nikamuuliza kule ng'ambo ya reli ilikuwaje hasa.

"Siku ya kwanza waliniuliza urefu wangu, mjomba, wakauandika. Hawakuuliza kitu kingine. Nilipitia makocha watatu. Kila mmoja akiingia anasoma ile karatasi, ananipeleka katikati."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilisema mara moja. Nikaambiwa niko pale kufunga, siyo kuongea." Akakamua soksi mpaka nikaihurumia. "Halafu nikikosea, uwanja mzima: Nguzooo! Mwishowe nikawa naisikia ile sauti kabla mpira haujanifikia. Nikawa naomba uende kwa mwingine."

Nikakung'uta mikono, nikaleta vile viatu vyeusi. Nilikuwa nimeshavibandika, vinang'aa. "Hivi vinasema wewe ni winga wa kushoto."

Akaviangalia. Akaniangalia mimi. "Mjomba, hivi viatu—"

"Nyamaza, naongea mimi. Ulikuwa unakimbia pembeni, unakata ndani. Usinibishie, utakuwa unabishana na ushahidi."

"Lakini—"

"Ulishaona dobi amekosea? Jana nimemwambia kocha usoni kwake: huyu ni winga, mmemgeuza mgongo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Maji ya soksi yanamdondokea miguuni. "Ulimwambia kocha? Kwa ajili yangu?"

"Usoni kwake."

"Akasemaje?"

"Akasema vinanuka."

Akacheka. Tangu aje kwetu sikuwahi kuyaona meno yake, ya mdomoni naongelea.

Sasa, kocha wetu ana utaratibu wake. Uwanjani haiti mtu kwa jina, anaita namba. Anasema majina yanaleta undugu. Anachora namba ubaoni, anabandika mlangoni kwangu orodha ya nani avae ipi, na mimi nagawa vizibao vyenye namba. Ukivaa kumi na moja, wewe ni winga wa kushoto mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna kubadilishana katikati. Ukimuuliza anakujibu, "Kizibao kimeshasema."

Alhamisi orodha ikaja: Nguzo tisa, yaani mbele katikati, Kijiko kumi na moja. Kijiko ni yule winga wetu mfupi, anayekula kama ana tumbo la kuazima. Mimi nikagawa. Nguzo kumi na moja. Kijiko tisa.

"Dobi, umeamkaje leo?" Kijiko akauliza. "Mimi tisa? Mpira wa juu ukija nitapanda nini?"

"Panda beki."

Nguzo alikishika kile kizibao kwa mikono miwili. Alijua. Akakivaa, kikamfika kitovuni, akatoka nje.

Kocha aligundua dakika ya pili. Niliiona shingo yake ikigeuka. Lakini kizibao kilikuwa kimeshasema, na wachezaji ishirini na wawili walikuwa wanamwangalia kama ataivunja sheria yake mwenyewe. Akaacha.

Dakika kumi za kwanza, sitawadanganya, zilikuwa aibu. Nguzo alikimbia na mpira ukabaki. Alikimbia tena na mpira ukatoka nje, akaenda kuufuata hadi kwenye majani. Nahodha, ambaye ni beki wa kulia na ndiye alikuwa anamkaba, akamuuliza kwa sauti kama amepotea njia ya nyumbani. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nacheka zaidi yao ili wasijue.

Halafu mara moja, karibu na mwisho, Nguzo alimpita nahodha. Ile miguu mirefu ilifunguka, hatua yake moja hatua zako mbili, nahodha akabaki anashika hewa. Krosi ilikuwa mbovu. Lakini alimpita.

Filimbi. Kocha akaja moja kwa moja kwenye ndoo yangu.

"Nani kagawa vizibao?"

"Mimi."

Niseme haki yake, alinifungulia mlango wa kutokea. "Ulikosea kusoma orodha. Sivyo, Dobi?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Kila mtu anajua niliishia darasa la sita. Ningesema ndiyo, tungecheka, ningerudi kwenye sabuni yangu, na Nguzo angevaa tisa Jumamosi na Jumapili angefunga begi.

Nikasimama. "Namba nazijua, kocha. Nimefanya makusudi. Na ukinipa orodha hiyo hiyo kesho, nitafanya tena."

Nguzo akaja na matope yake mpaka magotini, akasimama pembeni yangu, kivuli chake kikanifunika mzima. "Kocha, na mimi nilijua hiki siyo kizibao changu. Kama ni kufukuza, anza na mimi."

Kocha alituangalia, mmoja juu, mmoja chini. "Sawa. Jumamosi utaanza na kumi na moja. Mkishindwa, Jumapili mnaondoka wawili, wewe na daktari wako wa meno."

Nilipomwambia mke wangu, aliweka sufuria chini. "Kazi yako umeiweka kwenye miguu ya mtu mwingine?"

"Miguu hiyo nimeisoma."

"Kusoma kwako nakujua," akasema.

Jumamosi uwanja ulijaa upande mmoja. Mashabiki wa timu kubwa hawakuwa na mechi siku hiyo, wakaja kutucheka. Nguzo alipogusa mpira wa kwanza tu: Nguzooo! Ukamtoka. Wa pili ukamtoka. Wa tatu beki alimnyang'anya kama anapokea mzigo wake. Kocha hakuwa anaangalia uwanja. Alikuwa amegeuka kwenye benchi ananiangalia mimi. Nikamwonyesha meno yote, hata yale yaliyong'olewa.

Mapumziko, sifuri kwa sifuri. Vile viatu vyeusi nilikuwa nimevitundika kwenye msumari juu ya kichwa cha Nguzo. Nikamwinamia. "Ulivyokuwa na hivi, ulikuwa unampitaje beki?"

Akaviangalia viatu. Akafumba macho, muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema taratibu, "Anasimama. Anasimama kabisa, mpira mguuni, na beki anasimama naye. Halafu anaondoka."

"Sasa wewe mbona husimami?"

Akafumbua macho.

Kipindi cha pili mpira wa kwanza ukamfikia pembeni kushoto. Akasimama. Tuli, mikono chini, mpira mguuni, kama amechimbiwa pale. Uwanja ukalipuka: Nguzooo! Watu wanashikana mbavu. Beki naye akasimama, hata akatabasamu kidogo, nilimwona. Nguzo akaondoka.

Yule beki mpaka leo sijui kama amegeuka. Nguzo alifika mwisho wa mstari, akamimina krosi, na Kijiko wetu, aliyekuwa amevaa tisa kwa sababu hakuna mtu aliyebaki wa kuivaa, akauingiza kwa pua. Kwa pua, naapa. Alitokwa damu anashangilia. Moja kwa sifuri.

Dakika kama kumi baadaye mpira tena. Akasimama tena. Safari hii ile sauti ya Nguzooo ilianza upande wa timu kubwa ikaishia katikati, kama mtu amekabwa na mfupa, na upande wetu wakaidaka wao: Nguzooo! Wanampigia makofi kwa jina lile lile. Akaondoka, akakanyaga kushoto, akakata ndani, akapiga. Wavu ukatoka vumbi. Nilisimama juu ya ndoo na ndoo ikapasuka.

Jumapili hakuna aliyeondoka. Kocha alikuja chumbani kwangu, akasimama katikati ya soksi, akasema, "Nunua ndoo mpya." Kwa mtu mwenye vyeti vitatu, hiyo ni barua ya kuomba radhi.

Nguzo alimaliza mzunguko ule na magoli matano na krosi sijui ngapi, na Kijiko alipata jina la mfungaji kwa kazi ya pua. Siku moja akaja mtu wa timu kubwa, shati limenyooshwa, viatu vyenye ncha, ananukia mafuta mazuri. Akanikuta nimebeba kapu la jezi.

"Mzee, huyu kijana mlimfanya nini?"

"Tulimfulia."

"Naongea kwa dhati. Kwetu alikuwa hawezi hata kutuliza mpira."

"Kwenu mlimpima kwa rula. Rudi nayo ukapime milango."

Alikuwa amekuja kumchukua tena. Nguzo alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono nyuma, halafu akamwambia, "Asante, kaka. Kule nilisimama vya kutosha." Akabaki na sisi. Mimi nikaongeza sauti ya hadithi yangu. Vile viatu vyeusi nikavitundika juu ya mlango wangu, na kila mgeni akiingia namshushia somo: meno ya mbele, meno ya kisigino, upande wa ndani, mimi, mimi, mimi. Hata kocha sasa akiletewa mchezaji mpya, kitu cha kwanza anavigeuza viatu vyake na kuangalia chini, anakunja uso kama anaelewa.

Wiki ya mwisho ya msimu akaingia binti mmoja mrefu. Akainama mlangoni, akainama kwenye kamba ya soksi. Nikajua ni wa ukoo gani kabla hajasalimia.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ni dada yake Nguzo. Nimefuata viatu vyangu."

"Marahaba, mama. Viatu gani?"

"Vile pale juu ya mlango. Alisema unavibandika siku mbili. Imefika miezi minne, nacheza na vya kuazima."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavishusha bila hata kupanda kiti, akaketi, akavivaa. Vikaingia mguuni kama mkono kwenye mfuko. Winga wa kushoto wa timu ya wanawake, akaniambia, tangu ana miaka kumi na miwili.

"Na kaka yako?" nikauliza. "Alipokuwa mdogo alicheza wapi?"

"Huyo? Golini. Nilikuwa namfunga kila jioni uani kwetu." Akasimama, akaweka mguuni soksi iliyoviringishwa kama mpira, akasimama tuli, kisha akaondoka nayo hadi kwenye mashine. Ile ile. Ile ile kabisa.

Nguzo alikuwa mlangoni, ameinama, hajui aingie au akimbie.

"Wewe!" nikamwambia. "Mbona hukusema?"

"Nilianza kusema mara mbili, mjomba. Ukaninyamazisha mara mbili."

"Ungesema mara ya tatu!"

"Mara ya tatu ulikuwa umeshagombana na kocha. Kule misimu miwili hakuna mtu aliyegombana na yeyote kwa ajili yangu." Akajikuna shingo. "Nikasema, kama mjomba amesema mimi ni winga, basi ni winga. Anavyofanya dada nilikuwa najua. Nimefungwa hivyo miaka sita."

Kocha hatujamwambia, na wewe ukimwambia sitakufulia hata leso. Nguzo ni winga, atakayebisha aje Jumamosi asimame mbele yake. Na yule msimamizi wa sabuni kama bado yuko hai, tiketi yake naitoa mimi.

Lakini viatu havikuwa vyake. Hapo nilikosea.